Chupa ya vidonge na saa 72 za Goma

Tarehe 20 Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 27 waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo. Wiki moja tu, na tangu hapo ubishi hauishi mjini: misaada ya VVU ilitulea au ilitulemaza?

Wanaosema ilitulemaza wana hoja nzito. Mwaka 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kinshasa, yaani serikali yetu ya Kongo, haijawahi kuitimiza ahadi hiyo. Dawa zikabaki za wafadhili, muuguzi akawa anategemea marupurupu ya ONG (mashirika yasiyo ya kiserikali) kuliko mshahara, na mradi ukiisha wenyewe wanakunja jamvi. Karibu yote nayakubali. (Ila tusiilaumu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kwa kila kitu: nchini kwetu ilijikita Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Huku Kivu Kaskazini tunautegemea zaidi Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ingawa humo pia mchangiaji mkubwa ni Marekani.)

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Vidonge 90 vya TLD, dawa ya VVU, kimoja kila siku, miezi mitatu. Asiyetaka majirani wajue hubandua lebo, akashindilia pamba ndani ili visilie mkobani. Februari 2025, wakimbizi wa kambi ya Bulengo, karibu na Goma, walipoambiwa wawe wameondoka ndani ya saa 72, mwenye chupa kama hiyo aliweza kurudi Masisi na tiba yake. Aliyekuwa akipewa ya mwezi mmoja mmoja aliondoka na nini? Na saa 72 hizo hizo ndizo alizonazo mwanamke aliyebakwa ili aanze PEP, dawa za kuzuia asiambukizwe VVU, dozi ya siku 28. Kumwambia huyo asubiri nchi ijitegemee kwanza, mimi siwezi.

Kwa hiyo naona misaada ibaki, lakini ipungue maofisini, iongezeke mikononi: mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi sita. Kuna pingamizi, tena la watu wanaoijua kazi. Nyumba ikiporwa, miezi sita yote imekwenda. Mama mjamzito asiyeonekana kliniki hapimwi wingi wa virusi, na anayeumia ni mtoto. Ni kweli. Ndiyo maana ningewalipa wagonjwa wenzake wamfuate, maana wao ndio wanaojua nani kahamia kwa shangazi yake Sake na nani kazima simu.

Wapo pia wanaosema dawa zikipitia mikononi mwa M23 zinawapa waasi uhalali. Hofu hiyo si ya bure. Oktoba 30, 2025, Rais Macron wa Ufaransa alitangaza jijini Paris kwamba uwanja wa ndege wa Goma, uliofungwa tangu mji uanguke, ungefunguliwa kwa ndege za misaada. Waasi wakaja juu kwamba hawakushirikishwa. Kinshasa ilitaka ruhusa ya kutua iwe yake, M23 nao walitaka iwe yao. Chupa ya miezi mitatu iliyofunguliwa siku ya tangazo hilo iliisha mwishoni mwa Januari 2026.