Saa 75 za Baltimore na majani ya adhabu

Juzi mwanangu kaniletea fomu ya shule niisaini. Imeorodhesha saa alizotumia kuokota taka kando ya kijito cha Herring Run, hapa Baltimore, Marekani, na chini yake kuna maswali: taka zimetoka wapi, zingeishia wapi, nani alipaswa kuzizuia? Alikuwa amejaza ukurasa mpaka pembezoni. Nilifurahi. Halafu nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya nyumbani, Tanzania.

Jimbo la Maryland halimruhusu mwanafunzi wa shule ya umma kuhitimu sekondari bila huduma kwa jamii. Kwa kawaida ni saa 75, zinazoanza kuhesabiwa tangu darasa la sita hivi. Lilipitisha sharti hilo mwaka 1992, kabla ya jimbo jingine lolote, na wahitimu wa 1997 ndio waliokuwa wa kwanza kubanwa nalo. Kazi lazima iwe na maandalizi, utendaji na tafakuri. Hiyo tafakuri ndiyo ninayoililia.

Maana kazi sisi tumefanya! Alfajiri tuko shuleni na fagio na kidumu cha maji. Tumefagia, tumemwagilia, tumedeki vyoo, tumefyeka. Lakini tulifyeka kwa nini? Umechelewa, fyeka. Umeongea Kiswahili, fyeka. Hujalipa mchango, fyeka. Miaka yote hiyo sikumbuki mtu akituuliza kwa nini mtaro nyuma ya madarasa unaziba kila masika. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka wanafunzi washiriki hata kuamua mambo ya shamba lao. Mwalimu Nyerere aliona mbali, sisi tukabaki na jembe na fimbo.

Najua mtakachosema: "Kaenda majuu, kajisahau." Sijajisahau. Huu mji una shida zake, na watoto wanapigwa risasi mitaani. Ndiyo maana saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili zinaogopwa sana huku: siku za shule, uhalifu wa vijana hupanda muda huohuo, wazazi wakiwa bado kazini. Programu za baada ya masomo nyingi zinategemea fedha za serikali kuu, na fedha hizo hazina uhakika. Julai 2025 zilizuiwa kwa muda kabla ya kuachiwa. Wala si kila programu inamsaidia mtoto. Mwaka 2010 watafiti Durlak, Weissberg na Pachan walichambua tafiti nyingi wakaona kwamba zilizopangwa hatua kwa hatua, zikamshughulisha mtoto na kuwa na lengo wazi, ziliinua alama na kurekebisha tabia. Nyingine hazikuonyesha faida ya maana. Kumweka mtoto chumbani mpaka mama yake atoke kazini hakutoshi. Mimi ni mama, nimeona za aina zote mbili.

Mwingine atasema huduma ya lazima si huduma. Ana hoja. Uchunguzi mmoja wa sharti hilihili la Maryland uliona kujitolea kukiongezeka kwa wanafunzi wa darasa la nane, kisha kukipungua kwa wakubwa. Sawa, lakini kwetu hakuna kujitolea kwa kupungua, kwa sababu mtoto alasiri yote yuko tuisheni akirudia mada alizopaswa kufundishwa asubuhi. Akitoka, konda wa daladala anamsukuma mlangoni. Anafika nyumbani giza limeingia. Muda gani huyo atajifunza kwamba mtaa ni wake?

"Akiokota taka Mto Msimbazi, nani atamfaulisha mtihani wa NECTA?" Swali hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu wanaoliuliza ni watu ninaowapenda. Msimbazi ukifurika unaingia nyumbani kwao! Jangwani na Kigogo kuna watoto wanaojua kimo cha maji kwa alama zilizobaki ukutani. Hiyo ni jiografia, ni sayansi, ni uraia, na iko mlangoni kwao. Vijana wetu wana akili kuliko tunavyowatumia. Mwanangu si mwerevu kuliko binamu zake wa Mbagala hata kidogo. Tofauti ni kwamba yeye ameulizwa.

Rafiki yangu anayefundisha Temeke aliniambia, "Dada, nina zaidi ya wanafunzi mia kwenye chumba kimoja, unataka nisome tafakuri za nani?" Nakuelewa, Mwalimu, na najua huna hata kiti cha kukalia. Lakini hao mia tayari wanafagia kila asubuhi, fagio unazo, kazi ipo. Ijumaa moja wagawe makundi, kila kundi liandike ukurasa mmoja tu: huu mtaro unazibwa na nini, na nani tumwone ofisi ya kata. Barua iende na majina yao, muhuri wa shule uwepo. Na mwenye kosa la kuchelewa, tafadhali, mpe adhabu nyingine. Usimpe jembe.