Namba Moja Haitoshi Viwanja Vyote vya Mbio

Kwenye meza ya mninga nilikofungia usukani wangu wa gemu, hapa Mwanga mjini Kigoma, kuna daftari la shule ambalo wageni hulicheka kabla hata hawajauliza lina nini. Ndani yake nimeorodhesha viwanja vya mbio za magari, na mbele ya kila uwanja nimeandika ngazi ya ugumu ninayowapangia wapinzani wa kompyuta: Monza 96, Spa 92, Nürburgring 88, Monaco 84. Kijana wa jirani, ambaye huja kila Jumamosi kushindana nami, alipoisoma safu hiyo alitabasamu na kuniambia, "Kaka, kumbe ukishindwa unateremsha namba tu." Alilisema kwa adabu, lakini tuhuma yenyewe ilikuwa nzito, na si yeye peke yake anayeamini kwamba mchezaji mwenye heshima huchagua ngazi moja na kubaki nayo katika kila uwanja, apigwe asipigwe.

Mimi naona imani hiyo inatokana na kudhani kwamba namba ile ni kipimo cha ustadi wa dereva, kama alama za mtihani. Sivyo. Namba ile ni agizo tu kwa programu kwamba iendeshe kwa kasi fulani, na kila mtengenezaji amejipangia vipimo vyake: katika gemu rasmi za Formula 1 za miaka ya karibuni ngazi huanzia 0 hadi 110, ilhali katika gemu nyingine ya mbio, Automobilista 2, huanzia 70 hadi 120. Basi 90 ya huku si 90 ya kule, na hilo kila mchezaji analikubali bila ubishi. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini watu hao hao wanakataa kwamba hata ndani ya gemu moja, 90 ya Monza inaweza isiwe 90 ya Monaco.

Tuvitazame viwanja hivyo viwili. Monza una urefu wa kilomita 5.793 na kona 11, na sehemu kubwa ya mzunguko dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Kwenye sehemu iliyonyooka, gari langu na la kompyuta, yakiwa ya aina moja na injini moja, hukimbia karibu sawa, kwa hiyo udhaifu wangu unapata nafasi chache tu za kujitokeza, nazo ni zile za kufunga breki. Monaco una kilomita 3.337 tu lakini kona zake ni 19, zimebanwa na kuta na vyuma pande zote mbili. Mle hakuna mahali pa kupumzika. Kila baada ya sekunde chache kuna uamuzi wa breki, gia na usukani, na kila uamuzi unanigharimu kitu kidogo. Zaidi ya hayo, mimi naogopa ukuta na programu haiogopi. Nikikaribia kona ninaacha nafasi ya shubiri mbili kati ya tairi na chuma, yenyewe inapita ikiugusa mstari wake ule ule mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu haina mikono inayotoka jasho.

Mjomba wangu aliendesha malori kwa miaka mingi, na alikuwa akisema kwamba dereva anayesifiwa kwenye barabara ya kutoka Tabora kupita Urambo na Kaliua, ambako nchi ni tambarare, huonekana mgeni kabisa akipandishwa milima ya Manyovu. Hakuna abiria anayesema kwamba dereva huyo amesahau kazi. Barabara ndiyo iliyobadilika, na pengo kati yake na mwenyeji wa Manyovu limepanuka. Namba za daftari langu zinaandika pengo la namna hiyo na si kitu kingine.

Kuna sababu nyingine ambayo haimhusu mchezaji hata kidogo. Katika gemu nyingi za aina hii, magari ya kompyuta hufuata mstari uliochorwa au kurekodiwa kwa ajili ya uwanja husika, pamoja na maelekezo ya wapi pa kupunguza mwendo. Mstari huo umeandaliwa na mtu. Gemu ninayoitumia inaruhusu kuongeza viwanja vilivyotengenezwa na wapenzi wa mbio, na kwa uzoefu wangu tofauti ya kazi ni kubwa mno: mmoja amekaa na mstari wake mpaka magari yanapita kona kama yanaendeshwa na watu, mwingine amemaliza majani, majukwaa na mabango, kisha wapinzani akawaachia mstari wa kubahatisha. Ninao uwanja mmoja ambao magari yote ya kompyuta hufunga breki katikati ya sehemu iliyonyooka, mahali pasipo na kona wala shimo, kama vile yameona mbuzi. Pale hata nikiweka ngazi ya juu kabisa nawapita wote kwa pamoja, na ushindi huo hauna ladha yoyote.

Viwanja vya umbo la yai vya Marekani ni kesi ya peke yake. Indianapolis una kona nne zilizoinama kwa nyuzi 9 na kidogo, Daytona zimeinama kwa nyuzi 31, na kwa baadhi ya magari mguu hautoki kwenye mafuta mzunguko mzima. Sasa ikiwa wote tumekanyaga hadi mwisho, ngazi ya ugumu itabadilisha nini? Ama haibadilishi kitu, ama inawapa wapinzani kasi ambayo gari langu halina namna ya kuifikia. Kinachoamua mbio hizo ni kukaa nyuma ya mwenzako akukatie upepo na kujua wakati wa kuchomoka, na ujuzi huo wa kompyuta hautegemei sana namba niliyoiandika. Kwa viwanja hivyo nimeacha nafasi wazi kwenye daftari.

Kosa ambalo nililifanya kwa muda mrefu lilikuwa la hesabu. Nilikuwa napima pengo kwa sekunde. Nikiachwa kwa sekunde 5 katika mzunguko mmoja wa Nürburgring ule mrefu wa kaskazini, wenye kilomita 20.832, nilikata tamaa na kuteremsha ngazi kwa pupa. Lakini mzunguko wa dakika 8 ni sekunde 480, na 5 katika hizo ni kama asilimia moja tu. Asilimia hiyo hiyo katika mzunguko wa sekunde 84 haifiki hata sekunde moja. Tangu nilipoanza kupima kwa asilimia, namba zangu zimetulia. Huendesha mizunguko kumi peke yangu, nikatupa miwili ya mwanzo na yote niliyoteleza, nikachukua muda wa katikati wala si ule bora wa kubahatisha, kisha nawaachia wapinzani wa kompyuta wazunguke wakiwa na gari, mafuta na hali ya hewa kama yangu. Muda wao wa mbio ndio ninaoulinganisha, kwa sababu mara nyingi wana kasi zaidi katika kufuzu, yaani mizunguko ya kupanga nafasi za kuanzia.

Wapo watakaouliza kwa nini nisumbuke na kalamu wakati gemu kama RaceRoom zina mpangilio wa wapinzani wanaojirekebisha wenyewe kulingana na matokeo ya mchezaji. Mpangilio huo naukubali kwa anayeanza, ila mimi siupendi. Umeme ukiyumba katikati ya mbio, au mwanangu akija kuomba nimfungulie chupa ya maji, mashine inajifunza kwamba mimi ni mzembe, na Jumamosi inayofuata inaniletea wapinzani wanaonisubiri kwenye kona. Mpinzani anayenihurumia bila kuniambia ananinyima kujua kama nimepiga hatua.

Na asidhani mtu kwamba akili ya kompyuta iliyo kali zaidi ingeondoa tatizo hili. Mwaka 2022 Sony ilitangaza GT Sophy, programu iliyojifunza kuendesha magari ya Gran Turismo kwa kujaribu na kukosea mara nyingi mno, hadi ikawashinda madereva mahiri wa gemu hiyo. Hata programu hiyo ilifunzwa kwa kila uwanja na gari lake; haikupewa ustadi mmoja ikaenda nao kila mahali. Kama mashine yenyewe inahitaji kujifunza kila uwanja upya, sioni kwa nini watengenezaji waendelee kuwapa wachezaji kitufe kimoja cha kutumika kuanzia Monza hadi Monaco. Kuiwezesha gemu ikumbuke ngazi ya kila uwanja peke yake si kazi ya kutisha, na ingeliweka daftari langu kabatini.

Yule kijana nilimwachia usukani Jumamosi mbili mfululizo na kumtaka apime kwa utaratibu huo huo bila kuangalia namba zangu. Ana macho makali kuliko mimi na haogopi kuta, ila bado anafunga breki mapema mno akiwa kwenye mwendo mkubwa. Safu yake sasa iko kando ya yangu: Monaco 89, tano juu yangu, Monza 91, tano chini yangu.