Kwata za skauti: tunamwangalia mtu siye

Kila zikikaribia sherehe za kitaifa mjadala wetu huku Temeke ni uleule, vijana wa skauti wanatolewa darasani kupiga kwata, na lazima mzazi mmoja aulize hivi hii mguu sawa mguu pande inamfundisha mwanangu nini zaidi ya kutii? Swali la haki kabisa. Tena lina shahidi mzito, Baden-Powell mwenyewe, aliyeanza skauti na ile kambi ya 1907 kisiwa cha Brownsea, alikuwa jenerali lakini kwata hakuiamini sana kwa watoto, akaona bora awagawe makundi manne kila kundi na kiongozi kijana mwenzao. Ongeza fimbo za baadhi ya walimu, ongeza jua la Dar la mwezi wa pili na mtoto anayezimia kisa kasimama kakaza magoti mpaka damu imeshuka miguuni (mwambieni awe anachezesha vidole ndani ya kiatu, inasaidia), mzazi akikasirika unamwelewa.

Ila mimi naona wengi tunaangalia ile mistari mitatu ya vijana tu, yule mmoja aliyesimama mbele akitoa amri hatumwangalii.

Hebu fikiria kazi yake. Amri ya kwata ina vipande viwili, kwanza onyo, "nyumaaa", halafu ndo utekelezaji, "geuka!", na pale katikati ndo kwenye shule yenyewe. Ukiwahi, watu hawajajiandaa. Ukichelewa, mstari wa mbele umeshafika ukutani. Kikosi kikiwa mwendo wa haraka, hatua kama 120 kwa dakika yaani mbili kila sekunde, "simama" inabidi itoke mguu unaotakiwa ukiwa unagusa chini, la sivyo nusu wanasimama nusu wanaendelea, wanakanyagana visigino, na uwanja mzima unajua aliyekosea ni wewe. Sasa niambie ni wapi tena mtoto wa miaka 14 anapewa jibu la uongozi wake papo hapo namna hiyo? Kiranja wa usafi anaweza kuharibu muhula mzima na asijue.

Nilimwona binti mmoja wa kidato cha pili, kasauti kembamba, kawapeleka wenzake kulia badala ya kushoto moja kwa moja mpaka kwenye mtaro. Wakacheka, naye akacheka, akasema "jamani ni mimi hiyo", akawarudisha wakaanza upya. Mara ya tatu alikuwa haangalii tena miguu ya watu, anaangalia mtaro, anahesabu hatua zilizobaki ndo anafungua mdomo. Hiyo "ni mimi hiyo" kazini kwetu sijawahi kuisikia hata siku moja.

Na hao wanaosema kwata inatengeneza roboti, wakaangalie ile ya kimya kimya ambayo wanajeshi huonyesha sikukuu, hakuna anayepaza sauti, kila mmoja ana hesabu yake kichwani na akiiacha kidogo tu kaharibu wote.

Lakini yote haya yanakufa kama anayetoa amri ni mwalimu tangu Januari mpaka Desemba, au kachaguliwa kijana mmoja mrefu mwenye sauti nzito ndo kamanda wa kudumu. Hapo wapinzani wako sahihi, sibishi. Wengine wote 40 wanabaki mapambo, wamvishe mgeni rasmi skafu, wapigwe picha, warudi darasani. Dawa yake ipo kwenye yale yale makundi ya Baden-Powell, watoto wanane wanane, kila mmoja akae mbele dakika tano, dakika 40 zimeisha na wote wameshaonja.

Nilimwambia mwalimu mmoja hivyo, akanijibu gwaride litakuwa baya mbele ya mgeni rasmi. Ni kweli, litakuwa baya.