Eeh Yangu Ilivyoniponza

Mtu akizaliwa Kyela ana vitu viwili vya kujisifia ugenini: mchele na kakao. Mimi nilijisifia vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Mchele haukunifanya kitu. Kakao ndiyo iliyonivua nguo mbele ya watu kumi na wawili, saa kumi na moja alfajiri.

Nilikuwa Los Baños, Ufilipino, mji mdogo kusini-mashariki mwa Manila, chini ya mlima Makiling. Mimi ni bwana shamba, na pale ndipo yalipo makao ya IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoanzishwa mwaka 1960, kwa hiyo watu wa mpunga kutoka kila pembe ya dunia hupita kujifunza. Nilikwenda kwa miezi minne. Nikapanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Lola, yaani bibi. Nami nikamwita Lola. Aliishi na mjukuu wa kiume wa miaka tisa ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kusimama mlangoni na kunitazama.

Siku ya tatu hivi nikafungua kabati la jikoni kutafuta majani ya chai. Nikakuta karatasi imeviringishwa kama pakiti ya biskuti, ndani yake vidonge vyeusi vya duara, kila kimoja kinene kama sarafu tatu za shilingi mia zilizobebana. Nikanusa. Chokoleti! Nikachungulia huku, nikachungulia kule, nikatupia kimoja mdomoni nikakikata kwa magego.

Jamani. Kitu kile kinaitwa tablea, na tablea ya Lola ilikuwa kakao tupu. Punje zimekaangwa, zikamenywa, zikasagwa mpaka zikatoa mafuta yake zenyewe, uji wake ukamiminwa kwenye vikalibu ukaganda. Sukari haijapita hata mtaa wa pili. Nilikuwa natafuna mwarobaini wenye harufu ya sikukuu. Nageuka nikateme kwenye sinki, mjukuu huyo mlangoni. Nikameza. Nikamchekea, meno meusi tii.

Jioni Lola akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu Afrika watu hula tablea kavu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema samahani bibi, tamaa. Mimi nikavuta kiti. Nikamwambia Lola mimi nimekulia chini ya mkakao. Na sikudanganya! Kwetu mikakao imechanganyika na migomba mpaka uani. Tukiwa watoto tulipasua yale maganda yake manene, tukamung'unya ule ute mweupe mtamu, halafu punje tukazirudisha kwenye beseni, maana ukimeza umemeza ada ya shule. Nilimweleza tunavyozivundika kwa majani ya mgomba siku kadhaa mpaka zinatoa joto na harufu ya siki, tunavyozianika, tunavyozipeleka mnadani. Lola alisikiliza akitikisa kichwa kama mkaguzi wa elimu aliyeridhika. Jambo moja tu sikumwambia: kwamba ikishauzwa, inaondoka. Nyumbani kwetu kikombe kilikuwa cha chai. Sijawahi kuona mtu Kyela anakunywa kakao aliyoivuna mwenyewe, na kwa umri wangu wote nilikuwa sijui inapikwaje.

Lola naye akafungua somo. Akanieleza kuwa merikebu za Wahispania zilisafiri kati ya Acapulco na Manila toka mwaka 1565 hadi 1815, na kwamba kakao ilitoka Mexico kwa njia hiyo, ikaota Ufilipino karne ya 17. Akanitazama juu ya miwani. “Ya kwenu huko Afrika,” akasema, “ni ya karne ya 19. Mtoto mdogo.” Nikaona hapa heshima ya bara zima iko hatarini. Nikasema mtoto mdogo huyo ndiye anayelisha dunia nzima chokoleti.

“Vizuri,” akasema Lola. “Basi tarehe 16 Desemba tsokolate utatupikia wewe.” Tsokolate ndiyo hiyo kakao ya kunywa, ya moto.

Tarehe 16 Desemba ndipo inapoanza Simbang Gabi. Ni misa za alfajiri, siku tisa mfululizo hadi mkesha wa Krismasi, na watu huamka saa tisa usiku kwa hiari yao wakaenda kanisani chini ya taa za nyota za karatasi zinazoitwa parol. Wakirudi wanataka kitu cha moto. Lola alikuwa ameshanunua suman, ule wali wa kunata uliofungwa kwenye majani kama mkate wa sikukuu, na karanga za kutafuna. Juu ya meza akaniachia rola yangu ya tablea na chombo cha urithi, kilichokuwa cha mama yake: birika la shaba lenye tumbo kubwa na shingo nyembamba, na ndani yake mti uliochongwa kichwa chake mafundo mafundo na pete za mbao zinazochezacheza. Pale nyumbani chombo chote kiliitwa batirol.

“Unajua kuutumia?” akauliza.

Nikaucheka. Mti wenyewe unaushika katikati ya viganja viwili, unausugua mbele nyuma, kichwa kinazunguka humo ndani povu linapanda. Upekecho huo! Nikamwambia Lola, kwetu tuna neno lake kabisa, kupekecha, na wazee wetu walipekecha mpaka moto. Akaridhika, akajifunga mtandio, akaenda kanisani. Mjukuu alibaki amelala. Nilidhani.

Saa kumi na dakika hamsini simu ikaita. Nyuma yake makelele ya watu wanaotoka misani. Lola akaniambia kwa haraka kwamba kwaya imejialika, tunakuja kumi na wawili. Halafu akauliza kitu nisichokishika: “Eh o ah?”

Nikajua mtandao unakatakata. “Eeh, Lola.”

“Eh? Kwa watu kumi na wawili?”

“Eeh! Eeh, hamna shida!”

Kimya kidogo. Kisha sauti imejaa heshima: “Ang galante mo naman!” Nikamsikia anawageukia wenzake kuwatangazia, nao wakapiga makofi. Galante nilikuwa nalijua, ni mtu mkarimu mwenye mkono wazi. Nikashangaa Wafilipino walivyo wepesi wa shukrani. Nikakata simu.

Sasa hesabu. Rola inakuja na vidonge kumi. Toa kile nilichotafuna, tisa. Watu kumi na wawili, na mimi wa kumi na tatu. Nikafanya anachofanya kila Mtanzania wageni wakizidi: nikaongeza maji.

Nikabandika sufuria, maji yakachemka, nikatumbukiza vidonge vyote tisa, nikakoroga kwa mwiko mpaka vikayeyuka. Harufu ikajaa nyumba nzima, harufu ya ua wa kwetu siku ya kuanika, na kwa dakika moja nzima nilikuwa mpishi. Kisha nikainama nikaona juu ya maji kuna mafuta. Matone ya dhahabu yanaogelea, mengine yameshikana yamekuwa ramani. Nikasema haiwezekani, sufuria hii imekaangiwa samaki ikaoshwa vibaya, na Lola ndivyo alivyo msafi, atajisikia aibu mbele ya kwaya. Nikachukua kijiko nikaanza kuyaengua. Tone kwa tone, kwa subira ya mtu anayetoa mdudu kwenye maziwa ya mtoto, nikajaza kikombe karibu robo nikakiweka pembeni mwa sinki.

Ile ilikuwa siagi ya kakao, jamani. Niliengua nusu ya utamu nikauita uchafu.

Sasa batirol. Ukiuliza mwenye nayo atakwambia: jaza chini ya nusu, maana povu linahitaji nafasi. Mimi niliyekulia chini ya mkakao sikuuliza, nikajaza hadi shingoni. Tena nikaliweka juu ya moto ili lisipoe. Nikakamata ule mti, nikatema mate viganjani kama mchimba kisima (baadaye nilinawa, msinihukumu), nikaanza kupekecha kwa nguvu za mababu.

Povu lilikuja. Kwanza mapovu makubwa ya kitoto, kisha madogo ya rangi ya udongo mwekundu, yakabanana, yakapanda shingoni, na mimi napiga kelele ya furaha peke yangu jikoni. Kisha yakafika mdomoni mwa birika na hayakusimama. Yakateremka tumboni mwa shaba, yakaangukia jiko, tsss, moto ukazimika, harufu ya gesi ikapanda. Nikashtuka. Na katika kushtuka nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho: nikauchomoa ule mti juu huku viganja vyangu bado vinapekecha.

Mnajua mbwa akitoka mtoni anavyojikung'uta. Kichwa kile cha mafundo kilizunguka hewani na kugawa chokoleti bila upendeleo. Dari ilipata, parol ya dirishani ikapata, suman ikapata, shati langu jeupe la misa ya mchana likapata. Na ukutani juu ya meza kulikuwa na picha ya Lolo, marehemu mume wa Lola, amevaa barong nyeupe, shati rasmi la Kifilipino, uso mkavu wa mtu asiyependa mzaha. Donge zima la povu zito lilimpiga chini ya pua.

Nikafunga gesi. Nikafungua madirisha. Nikachukua kitambaa nimfute Lolo, lakini kakao ina mafuta na kioo kinateleza, kwa hiyo badala ya kutoka, donge lilitandazika. Lilikwenda kushoto, likaenda kulia, likapinda ncha zote mbili kwa juu. Lolo aliyeishi miaka yote bila ndevu alikuwa sasa na masharubu ya jemadari wa Kihispania.

Nikasikia mtu anapumua. Mjukuu huyo mlangoni, na nguo zake za kulalia.

Nje, nyimbo zinakaribia. Batirol limebaki nusu. Nikafanya tena kile kile ninachojua: nikamimina maji ya chupa ya chai mpaka shingoni.

Waliingia wakiwa na furaha ambayo sikuielewa. Wananipa mikono, wananipigapiga mabegani, mzee mmoja wa sauti ya besi ananiita kaka mkubwa wakati ananizidi miaka thelathini. Wakaketi. Nikasimama nimeziba picha ya Lolo kwa mgongo, nikanyoosha mkono na kumimina vikombe vyote kwa mbali, kama mhudumu wa hoteli ya kitalii. Yule mzee akainua kikombe chake usawa wa macho. Chini ya kikombe kulichorwa ua la waridi, na nikiwa nilipo niliweza kuhesabu petali zake kupitia chokoleti yangu.

Akanywa. Akafikiri. “Ah,” akasema.

Mama wa pembeni yake akanywa. “Ah.”

“Aah,” wa tatu. “Aaah!” kwaya nzima sasa, na besi humo ndani.

Nikaona moyo wangu unajaa. Nikawaza Kyela wangeniona! Nikanyoosha mkono tena na kuwaongezea, nami nikiitikia, “Aaah, eti eeh? Aaah!” Kadiri ninavyoitikia ndivyo wanavyozidi kuangua kicheko, mpaka Lola akalazimika kuvua miwani afute machozi.

Alipoweza kuongea ndipo akanieleza. Eh na ah ni maneno mawili ya Kihispania yaliyokatwa mkia: espeso, nzito, na aguado, ya maji. Katika riwaya ya José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino, ya mwaka 1887 kuna masimulizi ya umbea juu ya padri ambaye mgeni akifika humwagiza mtumishi wake chokoleti. Akimalizia na “eh” mgeni ni wa maana, aletewe nzito, akimalizia na “ah”, aletewe maji maji. Na Rizal ni lazima shuleni kwa sheria ya mwaka 1956, na Lola amemfundisha miaka yake yote ya kazi, kwa hiyo mezani pale mimi tu ndiye nilikuwa sijui. Kwenye simu aliniuliza eh au ah. Nami nikasema eeh. Mara tatu! Njia nzima walikuwa wakiimba kwamba Mwafrika wa kakao anawapikia eh watu kumi na wawili.

Nilijieleza kwamba eeh kwetu ni ndiyo. Wakacheka upya.

Lola akainuka akaenda kwenye sinki, nami nikabaki nimeganda ukutani. Akaikuta ile robo kikombe pembeni mwa sinki. Imeshaganda, njano, kama nta ya mshumaa. Akaichokoa kwa ukucha, akanusa, akanitazama kwa muda ambao hata mkaguzi wa elimu hatumii. Hakusema kitu. Akakusanya vikombe vyote, akavirudisha kwenye sufuria lenye tope zito lililotuama chini, akarudisha na siagi yangu, akatia mchele wa kunata na sukari, akakoroga kama nusu saa. Ukatoka uji mweusi mzito unaoitwa champorado. Pembeni akakaanga samaki wakavu wa chumvi, tuyo, mnawala pamoja na ule uji mtamu, na kabla hamjakunja uso, mimi nilitia ulimi nikaona usipa wa Matema mtupu, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Nikala mabakuli matatu, la tatu nikiwa nimekaa.

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya mwisho. Nilikaa.

Mgongo wangu ukatoka ukutani. Kwaya ikanyamaza, kijiko cha yule mzee kikabaki njiani. Lola akageuka, akakutana na mumewe na masharubu yale yaliyopinda, mazito, yanang'aa kwa mafuta.

Mjukuu ndiye aliyevunja kimya. Akamnyooshea Lolo kidole, akasema kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa:

“Mbona Lolo peke yake kapewa eh?”