Vita vya Baba Mdogo Havikusomwa

Jumamosi iliyopita tulimzika baba mdogo, kule Mbagala. Chini ya turubai, kabla jeneza halijatoka, mwanawe wa pili alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akasoma hadi darasa la saba, akaja mjini, akawa mchukuzi Kariakoo, kisha mlinzi, akaoa, akajaliwa watoto watano na wajukuu tisa, akaugua sukari. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nasubiri Kagera, vita vyetu na Uganda ya Idi Amin alivyopigana. Karatasi ikakunjwa.

Nimeumia, na simlaumu kijana. Mtoto hawezi kuandika asichowahi kusimuliwa. Baba mdogo aliingia mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 2 kwamba uwezo wa kumpiga nduli Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hotuba hiyo kila Mtanzania anaijua, hata aliyezaliwa juzi anaiigiza kwa sauti ya Mwalimu. Lakini hotuba haikuvuka Mto Kagera. Waliovuka ni vijana, na wengi walikwenda kwa miguu, kutoka Mutukula mpakani hadi Masaka, kutoka Masaka hadi Kampala iliyoangushwa Aprili 11, 1979.

Makamanda tunawakumbuka, na wanastahili. Jenerali Musuguri, aliyeingia KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, akiwa kijana 1942 na kuja kuiongoza Divisheni ya 20, alipofariki 2024 akiwa na miaka 104 nchi nzima ilisimama. Mayunga, kamanda mwenzake, tunamwita Mti Mkavu mpaka leo. Sina neno juu yao. Ila jeshi lile lilipanuka kwa wiki chache likapita watu laki moja, mgambo, polisi, magereza na JKT ndani yake, na hao wengine tumewafungia katika neno moja: mashujaa. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, tarumbeta inalia. Nakubali ni heshima kubwa, na nikiitazama machozi hunilengalenga. Lakini hakuna jina hata moja la mgambo linalosomwa.

Chukua Lukaya, kule Uganda, Machi 1979. Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilikutana na majeshi ya Amin yakiwa na Walibya. Vijana waliokuwa wakulima na wachukuzi miezi michache nyuma walipigwa mizinga usiku, wengine wakatawanyika. Brigedi ya 208 ikazunguka kwa nyuma, na kulipokucha mambo yakageuka. Baba mdogo alikuwa pale. Alinisimulia mara moja tu, umeme umekatika, tumekaa kibarazani. Alisema alikuwa amebeba makombora ya mota begani, na mwenzake aliyekuwa mbele yake alikuwa akigeuka kila baada ya hatua chache kumuuliza kama bado yupo. "Bado nipo," anamjibu. Ikafika mahali mwenzake hakugeuka tena. Hapo baba mdogo akanyamaza, akaanza kutafuta kiberiti cha kuwashia koroboi, na kiberiti alikuwa amekishika.

Mchukuzi wa Kariakoo! Jina la soko lile lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi pale. Tunalitamka kila siku kwenye daladala bila kuwaza kwamba tunawataja wafu. Mtaa wa Samora amesimama askari wa shaba tangu 1927, na maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, yakiahidi kwamba anayeifia nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake. Nenda ukazunguke sanamu ile yote. Jina la mpagazi huyo halipo.

Kaboya, kule Muleba, wamelala zaidi ya 600 wa vita vyetu, na makaburi yanatunzwa. Hilo limefanyika vizuri. Lakini Kaboya ni mbali kwa mjane wa Temeke, na waliorudi wazima hawana hata Kaboya. Walirudi wakakuta maduka matupu, wakaambiwa kama sisi wote wafunge mkanda miezi 18. Wengi hawakupata nafasi ya kusimulia, walikuwa wanatafuta sukari na sabuni.

Wananchi wa Kagera waliouawa na kuporwa ng'ombe kabla jeshi halijafika wanahitaji makala yao peke yao.

Ninachotaka si mnara mwingine. Aliyekwenda akiwa na miaka ishirini leo anakaribia sabini. Kila kata ya mji huu ina wazee hawa, na mjumbe wa mtaa anawafahamu. Yaandikwe majina yao, kikosi, njia waliyopita. Na wewe mwenye baba au babu aliyekwenda, muulize leo jioni, usisubiri turubai.

Siku ya tatu ya msiba nilimfuata mama mdogo chumbani. Alinionyesha viatu vya marehemu, viko mlangoni vimepinduliwa, soli juu. Miaka zaidi ya arobaini hakuwahi kuvaa kiatu bila kukikung'uta kwanza, hata cha kanisani. Nikamuuliza kama aliwahi kumtajia wenzake wa vitani. "Mchana hakuwataja, baba," akasema. "Usiku alikuwa anawaita."

Anakumbuka majina matatu. Nimeyaandika yote.