Kiambishi cha Anwani: Kikatwe kwenye Proksi au Kipite?

Tuseme nyumba ya wageni ya Shela, Lamu, ina seva moja yenye programu mbili: ya vyumba kwenye poti 8080 na ya hesabu kwenye poti 8081. Mbele yake kuna proksi, yaani mpokezi wa kati, iitwayo Nginx, inayopokea maombi yote na kuyagawa. Anwani ikianza na /hesabu/, ombi huenda kwa programu ya pili. Je, kiambishi hicho, "/hesabu", kikatwe hapo, au kifike hadi kwenye programu?

Wanaokata wana hoja. Programu hubaki kwenye mzizi wa anwani (/), vilevile ilivyojaribiwa kwenye kompyuta ya fundi, na kesho /hesabu ikigeuka /fedha unagusa Nginx peke yake. Kukata kwenyewe ni alama moja: `proxy_pass http://127.0.0.1:8081/;` yenye mkwaju (alama ya /) mwishoni hukata, isiyo nao hupitisha anwani nzima. Urahisi huo ndio mtego. Ukiandika `location /hesabu` bila mkwaju, huku proxy_pass inao, ombi la /hesabu/orodha hufika likiwa //orodha, na programu nyingi hujibu 404, yaani ukurasa haupo.

Balaa zaidi liko kwenye majibu. Programu isiyojua kiambishi chake humwambia mtumiaji "nenda /ingia", na kivinjari huenda huko huko, ambako hakuna kitu. `proxy_redirect / /hesabu/;` hutibu hilo. Vidakuzi (cookies, alama ambazo kivinjari hutunza ili programu imkumbuke mtumiaji) navyo visidharauliwe: programu zote mbili zikitoa kidakuzi kiitwacho session chenye Path=/ (yaani kinachotumika kwa anwani zote), kila moja hufuta cha mwenzake, na karani wa mapokezi hujikuta ametolewa kwenye vyumba kila anapoingia hesabu. Dawa yake ni `proxy_cookie_path / /hesabu/;`. Lakini viungo vya ndani ya ukurasa, kama /static/mtindo.css, havijaguswa bado. sub_filter, amri ya Nginx inayobadilisha maandishi ndani ya ukurasa, huvibadilisha mradi seva ya nyuma isitume majibu yaliyobanwa (kama kwa gzip). Vile vinavyoundwa na JavaScript ndani ya kivinjari haivipati.

Ndiyo maana naegemea kukiacha kipite, pale programu inapokubali kuambiwa inakaa wapi. Grafana, programu ya kuonyesha takwimu, ina mipangilio ya root_url na serve_from_sub_path; Spring Boot, mfumo wa kuundia programu za Java, una server.servlet.context-path. Gharama yake ni kwamba hata kipimo cha uhai wa programu (ombi la kuangalia kama bado inafanya kazi) lazima kiitwe kwa /hesabu.

Iko njia ya kati: kata, kisha iarifu programu kwa kichwa cha ombi (header) kiitwacho X-Forwarded-Prefix. Traefik, proksi nyingine, hukiweka yenyewe inapokata; kwenye Nginx unakiandika kwa mkono, na Flask, mfumo wa kuundia programu za Python, hukisoma kupitia ProxyFix yenye x_prefix=1.

Na programu isiyokubali lolote kati ya haya? Usipoteze wiki na sub_filter. Ipe kikoa kidogo chake (subdomain): rekodi moja ya DNS na cheti cha bure cha Let's Encrypt, na vidakuzi hutengana mradi programu isiviwekee sifa ya Domain yenye kikoa kikuu.

Njia yoyote utakayoshika, kabla ya kumkabidhi karani endesha `curl -I` kwenye /hesabu/ na usome mistari miwili: Location (kivinjari kinaelekezwa wapi) na Set-Cookie (kidakuzi kina Path gani).