Baba mkwe wangu kawekwa kwenye ofa

Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, hata mswaki sijapiga, simu ikalia mlio wa meseji nikajua hela. Ndo akili ya mtu ikifika tarehe 19, mlio wowote unaona kuna mtu kakukumbuka. Kuangalia, duka la fremu. "Mteja wetu mpendwa, mzigo mpya umeingia! Kanvasi saizi zote, rangi za akriliki, brashi, penseli za kuchorea, fremu za kisasa. Tazama pia kazi zetu za wiki hii." Halafu picha zikaanza kushuka moja moja, kumi na mbili, zinakula bando langu nililojiunga jana usiku. Hawa watu nimeshawabloku mara mbili. Wana laini nyingi kuliko wale wa "ile hela itume kwenye namba hii".

Sasa picha ya saba. Picha ya saba ndo imefanya nimekaa ukingoni mwa kitanda mpaka sasa hivi na soksi moja mguuni. Nitaifikia, msinikimbize.

Kwanza hiyo kanvasi. Mwanangu yuko la tatu, mwalimu katuma kwenye grupu la wazazi kwamba kila mtoto aje na kanvasi, brashi tatu na akriliki rangi sita, wanajifunza sanaa. Nikauliza kistaarabu tu, kama mzazi, kwani manila imekufa? Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968 alikuwa anachora kwenye vipande vya hadibodi na rangi za mafuta, zilezile za kupaka baiskeli, na leo jina lake ndo limekuwa jina la michoro yenyewe, wazungu wanapanda nayo ndege. Mwanangu ambaye akichora ng'ombe inabidi aandike chini NG'OMBE, huyo ndo anataka kanvasi. Mwalimu akajibu na emoji ya mikono imebana kama anasali. Nimenunua. Tuendelee.

Mimi na hilo duka tulikutanishwa na shemeji. Mdogo wake mama watoto aliipata picha ya zamani ya baba yao, ya 1984, enzi hizo mwalimu mkuu, kavaa Kaunda suti, peni mbili mfukoni, kakunja uso kama kaona mtoto anaruka uzio wa shule. Shemeji akaisafisha, akaikuza, mimi nikaachiwa jukumu la fremu tu. "Tumeikuza A1, shem." Nikasema haina shida. Kwa akili zangu A4 ni ile karatasi ya kutolea kopi, kwa hiyo A3 itakuwa ndogo kidogo, A2 ndogo zaidi, na A1 si itakuwa kama paspoti? Jamani, moja na nne ipi ndogo? Kumbe waliopanga makaratasi walihesabu kinyumenyume, A3 ni A4 mbili, A2 ni A4 nne, A1 ni A4 nane. Nane! Mzee alikuja amekunjwa kama mkeka, fundi akamkunjua, akajaa meza yote, zile peni peke yake ndefu kama miswaki.

Fundi akaanza kunisomesha. Picha haigandamizwi na kioo, na huu unyevu wa Dar itanata, siku ukija kuitoa uso wa mzee unabaki kwenye kioo, kwa hiyo lazima lile kadi jeupe la kuzunguka, wanaliita maunti. Nyuma hadibodi, siyo boksi, boksi mchwa wanaliona pilau. Kona digrii 45. Mimi naitikia tu kama niko kipaimara. Jumla 120,000. Nikatanguliza 50,000, nikasema nakuja Ijumaa. Ya lini sikusema.

Miezi minne. Nyumbani nikawa nasema fundi anasubiri kioo, kioo kiko melini, meli mara iko China, mara inazunguka Afrika Kusini kukwepa Bahari Nyekundu. Mama watoto akawa anaifuatilia hiyo meli kuliko mamlaka ya bandari. Halafu mwezi uliopita ikaingia simu kutoka Muheza, mzee anakuja kliniki ya macho, anafika Jumapili. Na jioni yake ujumbe wa duka: "Fremu ambazo hazijachukuliwa kwa zaidi ya miezi mitatu zitauzwa Jumamosi hii kwa bei ya ofa."

Jumamosi saa tatu niko pale. Wamezitoa zote nje, zimeegemezwa ukuta wa kibaraza, maharusi wa watu, mahafali ya chekechea, timu ya mpira ya mtaa fulani, Yesu mmoja, na katikati, mkubwa kuliko wote, baba mkwe wangu juani. Kifuani kabandikwa karatasi: OFA 40,000. Ananiangalia.

Sasa wewe ungefanyaje? Nadaiwa 70,000. Mzee yuko ofa 40,000. Mtu mwenye akili zake ananunua kama mpita njia. Nikashusha kofia, nikamsogelea mzee kama simjui, nikagonga kioo kwa kidole, nikachuchumaa kukagua kona. Akatoka dada wa dukani, siyo yule aliyenipokea mwanzo, nikashukuru Mungu.

"Karibu kaka, fremu imara hiyo."

"Imara wapi, imechubuka hapa."

"Hilo vumbi, kaka." Akapitisha ncha ya khanga, likatoka.

"Na huyu mzee mliyemuweka humu mbona kanuna hivi? Anashusha bei."

"Huyo tunamtoa, unaweka wa kwako."

Nikameza mate. "Muacheni tu, nitamtoa mwenyewe nyumbani. Thelathini."

Nimesema mimi hayo, kwa mdomo huu. Thelathini, kwa mtu aliyenipa binti yake.

Kabla dada hajanijibu nikasikia nyuma yangu, "Mimi natoa arobaini na tano." Nageuka, mama mtu mzima, dera la maua, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, mkononi mfuko wa mchicha. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, natoa arobaini na tano. Nikasema hamsini. Akasema hamsini na tano bila kupepesa. Nikasema sitini, hapo jasho linanitoka maana nakaribia deni langu lenyewe. Dada kakunja mikono anatuangalia zamu kwa zamu kama watani wa jadi wamefika penalti.

"Mama yangu, fremu si nyingi tu? Ile ya maharusi nzuri, ina nakshi."

"Ya maharusi sitaki, mwanangu. Mimi fremu siyo shida yangu. Namtaka huyu mzee."

Rudieni kusoma hapo. Mimi mwenyewe nilimwambia arudie.

"Mume wangu alishatangulia," akasema, "watoto kila mtu kwake, nimebaki mimi na binti wa kazi. Kila siku dalali anagonga, mama hii nyumba unauza? Fundi wa dishi anajiingilia mpaka chumbani. Jirani kila akijenga ukuta wake unanenepea kwangu. Sasa mtu akifungua mlango akutane na mwanaume wa hivi. Nitasema ndo mwenye nyumba, kasafiri. Muangalie! Hata wewe tangu umefika umesimama mguu sawa."

Nikajiangalia. Kweli nilikuwa mguu sawa.

Akili ikaenda mbio. Mama mkwe wangu yuko Muheza anachuma machungwa, hajui hili wala lile, huku mumewe anapelekwa kukaa sebuleni kwa mwanamke mwingine Tandika, na dalali wa shughuli yote ni mkwe. "Sabini!" nikapayuka. "Sabini na tano," mama akasema, taratibu, anafungua pochi.

"Mama, huyu ni baba mkwe wangu!"

Kijiwe cha boda chote kikageuka.

Dada akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe wewe ndo A1?" Yaani hawanijui kwa jina, wananijua kwa saizi. Akaleta daftari. Salio 70,000. Halafu gharama za kutunza, siku 30 za kwanza bure, baada ya hapo 500 kwa siku, siku 90, elfu arobaini na tano. Kutunza? Mmemtunza wapi, mtu mzima mmemuanika juani na bei kifuani! Kala nini hapa? Kalala kitanda gani? Jamani hii nchi kila kitu kina tozo, ukituma hela makato, ukitoa makato, sasa mpaka mkwe akiegemea ukuta wa mtu tozo! Nilisema mpaka kofia ikaanguka, mimi huyu, mtu mwenye kitambulisho cha NIDA, mjumbe wa mtaa ananiheshimu, naokota kofia mbele ya boda wanacheka.

Na aliyeniokoa ni yuleyule mama. Akamwambia dada, mpunguzie mwanangu, mtu anamkomboa mkwe wake. Utunzaji ukashuka ukawa 20,000. Nikalipa 90,000 kwa lipa namba, mtandao ukagoma mara tatu. Jumla mzee kanigharimu 140,000, na asubuhi hiyohiyo nilimkuta ana 40,000.

"Basi nimpige picha tu," mama akasema. Ningekataaje, kaniokolea 25,000. Akahangaika na simu, jua kali, miwani haimsaidii, mwisho akanipa mimi nimpigie. Nikasimama mbele ya mzee, nikapiga mbili, nikamrudishia simu yake, nikabeba mkwe wangu. Kwenye daladala konda alidai nauli mbili. Hilo sitaki hata kulizungumzia.

Sasa picha ya saba. Kazi za wiki hii. Fremu pana ya dhahabu, maunti nyeupe, A3, mama yeye hesabu za makaratasi anazijua, na ndani kakaa baba mkwe wangu na Kaunda suti yake. Ni ile niliyopiga mimi. Ukiikuza kidogo, pale kwenye zile peni mbili, kioo kimemulika mwanaume kainua simu, kofia haipo, upara unang'aa. Ule upara naujua, nakaa nao. Kwa hiyo tuko wawili sebuleni kwa mtu Tandika tunafukuza madalali. Chini duka wameandika: "Asante mama kwa kutuamini, Mungu ailinde ndoa yenu."

Na shemeji namba ya hilo duka anayo, yeye ndo alinielekeza. Nimeangalia, inaonyesha yuko hewani. Hajasema kitu. Angesema kitu ningejua pa kuanzia.

Halafu baada ya yote hayo hapa nyumbani picha yenyewe haijatundikwa, mwenye nyumba kwenye mkataba kaandika marufuku misumari. Mama watoto akasema mmoja tu hataona. Nikanunua misumari ya zege, wa kwanza ukapinda, wa pili ukaruka mpaka leo hatujui ulikokwenda, na tunatembea peku humu ndani, wa tatu ukang'oa plasta ukubwa wa chapati. Nimeziba kwa dawa ya meno, kwa mbali huoni ila sebule inanukia minti. Kwa hiyo mzee yuko juu ya friji, ameegemea ukuta, friji likianza kunguruma naye anatetemeka kwa hasira. Usiku maji siendi tena kunywa, naweka chupa chumbani.

Mzee mwenyewe bado yupo, kliniki wamempa tarehe nyingine. Juzi jioni alisimama mbele ya friji muda mrefu, mikono nyuma, kasogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Akaniita.

"Huyu ni baba yako?"

Macho ndo hayo, tarehe ya kliniki bado. Mama watoto yuko jikoni anasikiliza.

"Ndiyo mzee," nikasema.

"Anaonekana mtu mkali sana. Mpe pole."

Pole ya nini sikuuliza. Na sasa hivi Luku inalia, zimebaki uniti tatu, friji linanguruma, kuna mtu anagonga simu yangu tena, sitaki hata kuangalia kama ni shemeji au ni kanvasi, na hii soksi ya pili sijui nani kaivaa.